Milingoti Tuliyoitoa Katwe

Vijana wa klabu, mmeniomba nije Jumamosi, nikae barazani, niwasimulie jinsi klabu yetu ilivyoanza. Kuja nitakuja. Kukaa ndiko kutakakonishinda. Tangu nistaafu nimejaribu kukaa kwa kila namna. Nimekaa na wajukuu, nimekaa na redio, nimekaa kwenye harusi za watu mpaka wenyeji wakaniuliza kama tumbo linaniuma. Haupiti muda nyayo zinaanza kuniwasha, nainuka kutafuta kitu cha kukunja au cha kufungua. Ndiyo maana nimeona afadhali niandike. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji. Mkiona mwandiko umeruka, jueni nimetoka nje nikarudi.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Zubeda wa matanga, yule bibi aliyekuwa akiwafokea mkikanyaga tanga na viatu. Nilizaliwa Kisenyi, nyuma ya maduka ya jumla, katika ukoo uliofika Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, ukaoa na kuolewa hapa, ukasahau kurudi. Baba yangu, Mzee Salim, alikuwa fundi wa kanzu. Mimi ndiye mwanawe niliyerithi mkono wake, na usichana wangu wote niliumalizia dukani kwake nikitia nakshi kwenye shingo za kanzu. Kazi nzuri, ya heshima, na ilikuwa ikinitoa roho. Kanzu ni nguo ya mtu aliyetulia. Mimi kila nikimaliza shingo moja nilitoka mlangoni kutazama barabara, kama mtu anayengoja kuitwa.

Aliyekuja kuniita, bila mwenyewe kujua, ni Mzee Onega.

Ilikuwa baada ya vita, wakati mji ulipoanza kupaka tena rangi kuta zake. Akasimama mlangoni mtu mrefu, mweusi tii, Mualuri wa kule West Nile aliyewahi kuwa polisi wa majini. Begani alibeba furushi chafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile cha amri, hakina mapambo.

"Nani hapa anashona kitu ngumu?"

Akalifungua furushi juu ya meza ya Baba. Kitambaa cheupe, kigumu kama karatasi, kila ukikigusa kinapiga kelele. Pembe zilikuwa zimeliwa na panya. Katikati palikuwa na matundu ambayo si ya panya.

Baba akaligusa kwa ncha ya kidole. "Hili nini?"

"Tanga. Ya mashua."

"Sisi tunashona kanzu, mzee wangu. Watu wa mahema wako huko chini."

"Kwa watu ya mahema nimetoka. Wamesema niende kwa fundi."

Nilicheka. Baba akanitazama. Na kabla hajapata neno, nikajisikia nikisema, "Nitalishona mimi."

Sindano nilizovunja sitaki kuzikumbuka. Nililipiga pasi, likanywea kama ngozi ya kuku kwenye mafuta, ikanibidi nikate kipande kile chote nitafute kingine. Mwishowe nikapata tanga safi, limenyooka, halina hata kunyanzi moja, nikajisifu. Sikumngoja Mzee Onega aje kulichukua. Nililibeba mwenyewe mpaka Port Bell, ziwani, nikashuka kwa miguu ile njia ya vumbi inayopita nyuma ya bandari, kwa sababu nilitaka kuona.

Nilichokiona si hiki mnachokiona leo. Jumba la klabu halikuwa na paa. Ndani ya baa ulikuwa umeota mpapai. Banda la mashua lilikuwa jeusi kwa moshi, kwani askari wa serikali hii na ile walikuwa wamelifanya jiko. Bafu zilikuwa nyumba ya popo. Kitu kizima kilikuwa ule mteremko wa saruji wa kushushia mashua, na mashua moja tu yenye mlingoti, ambayo Mzee Onega aliificha miaka yote chini ya makuti na mafunjo, akawa anawaambia watu kuna nyuki.

Tukapandisha tanga langu. Likaning'inia. Mashua ikatoka gatini kiubavu, polepole, ikaenda kujipachika kwenye mafunjo.

Mzee Onega akalitazama kwa muda. "Mama," akasema, na mimi nilikuwa msichana bado, "hii si tanga. Hii ni pazia ya hospitali."

Machozi yalinilenga. Akaushika mkono wangu, akaukunja kiganja kama mtu anayetaka kunywa maji mtoni. "Tanga lazima iko na tumbo. Upepo anaingia hapa, analala. Kama hakuna tumbo, anapita kwenda zake."

Nikakitazama kiganja changu. Nikaelewa, maana ni jambo la cherehani. Gauni ukilikata bapa halimkai mwanamke. Unakata pembe za vipande kwa mkunjo, ukiviunganisha kitambaa kinajaa chenyewe. Nikamwambia, "Kumbe unataka nishone kama gauni la mama mwenye kifua."

Akafikiri sana. "Kifua kubwa," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ninyi matanga yenu yanakuja yamekatwa na kompyuta, na sina ugomvi nayo; ni mazuri kuliko yangu. Lakini mtayashona yakichanika, na mnielewe hapa: linaloua tanga si upepo, ni jua. Uzi unakufa kabla ya kitambaa. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukitoa unga, shona leo, usingoje mashindano. Na usiliache tanga linapigapiga bure mkiwa mnapiga soga ufukweni. Kila pigo linakula umri wake.

Nimetoka kidogo. Nimerudi.

Mwanzo wa kwanza wa klabu sikuuona. Niliusikia kwa Mzee Onega siku zile tukifyeka nyasi. Walioianzisha walikuwa Wazungu wachache wa bandari, wa reli na wa maofisini. Hawakuwa na mashua, wakaziunda wenyewe kwa mbao, nyuani kwao. Mmoja alimaliza yake akagundua haipiti mlangoni, akabomoa ukuta wa banda. Kwanza walikuwa ghuba nyingine, mafunjo yakawashinda, wakahamia hapa, wakajenga jumba, wakamwaga saruji. Mzee Onega alikuwa kijana, bado hajaingia polisi. Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya maji mpaka kifuani, kuishika mashua isicheze mabibi wanapopanda, viatu visilowe.

Alinionyesha mahali penyewe. "Hapa nimesimama miaka mingi. Asubuhi bendera yao napandisha mimi. Lakini ndani ya ile baa niliingia mara ya kwanza siku paa imeanguka."

Halafu Wazungu wakaondoka, ikaja miaka ile ambayo wazazi wenu hawapendi kuisimulia. Matanga yakawa maturubali ya malori. Mashua za mbao zikawa kuni. Zile za plastiki zilibaki zimelala kifudifudi kama kobe, lakini milingoti yake ya alumini ikatoweka yote.

Aliyeanzisha mwanzo wa pili ni Mhandisi Mulindwa, Muganda mtaratibu aliyejifunza mashua akisoma ng'ambo. Alirudi na mkewe, Florence, na marafiki wachache waliokuwa hawana cha kufanya Jumapili ila kuogopa. Yeye ndiye mwenyekiti wetu wa kwanza. Picha yake iko juu ya kabati la vikombe, ile mnayodhani ni ya mchungaji. Mimi mwanzo ule wa pili ndio nauhesabu, kwa sababu safari hii waliopandisha bendera waliingia pia kwenye baa.

Lakini hatukuwa tumetulia hata kidogo. Tajiri mmoja wa mchanga aliitaka ile pwani yetu ashushie shehena zake. Aliwaambia wakubwa kwamba pale hakuna klabu, kuna nyasi na popo. Wakubwa wakatuma habari: mkaguzi atakuja. Akikuta mashua zinatembea majini, mtabaki. Akikuta nyasi, mtahama.

Mashua zinatembea, si mashua inatembea. Na sisi mlingoti tulikuwa nao mmoja.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyopatikana mingine. Florence alikwenda Katwe kununua masufuria. Mnakujua Katwe: kila mlango ni karakana, huyu anachomelea mageti, yule anapinda mabati, nyundo hazinyamazi. Nyuma ya karakana moja ya kuyeyushia alumini akaona bomba ndefu mbili zimeegemezwa ukutani, zina mfereji mwembamba kutoka juu hadi chini. Florence alikuwa mke wa mtu wa mashua. Alijua mfereji ule ndimo tanga linamopita. Akasahau masufuria, akaja mbio.

Tukaenda wote: Mulindwa, Mzee Onega na mimi. Mwenye karakana aliitwa Kizito, mfupi, nyusi zimeungua, mtu wa haraka.

"Sebo, hizo ni milingoti ya mashua," Mulindwa akasema kwa upole, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Hizo ni bomba," Kizito akajibu. "Na ni mari yangu." Alisema mari kwa mali, kama wengi wetu tusemavyo. "Mchana zinaingia motoni. Nina oda ya masufuria ya shule."

Mmoja tayari ulikuwa umekatwa kipande chini. Mulindwa akaanza kueleza historia ya klabu, umuhimu wa michezo, uzuri wa ziwa. Kizito alikuwa akitikisa kichwa huku anachochea moto. Mimi nikawa nazunguka ile karakana sijui mikono niiweke wapi. Mzee Onega alisogea ukutani. Aliilaza ile milingoti chini, taratibu, kisha akaikalia.

"Mzee, ondoka hapo."

"Mimi nimechoka. Napumzika."

"Nitamwaga alumini ya moto hapa!"

"Mwaga. Mimi iko polisi. Nimeona moto."

Vijana wa Kizito wakacheka, bosi wao akakasirika, na nikaona hapa tutatoka na ngumi au hatutoki kabisa. Nikauliza kitu kilichonijia tu mdomoni. "Bwana Kizito, wewe unataka bomba, au unataka alumini?"

Akasimama. "Alumini."

"Tukikuletea alumini yenye uzito huu huu?"

Akamtazama Mzee Onega pale chini, akautazama moto. "Kabla ya jioni," akasema.

Nikakimbia Kisenyi. Sijawahi kukimbia vile tena. Niliingia nyumba hadi nyumba kwa shangazi zangu, kwa majirani, kwa wake wa walimu wa madrasa, nikiomba masufuria mabovu. Yaliyotoboka, yasiyo na mikono, vifuniko visivyo na wenzake. Kila mtu alitaka kujua ya nini.

"Tunabadilisha tupate mlingoti."

"Mlingoti wa bendera, mwanangu?"

"Wa mashua, shangazi."

"Wewe una mashua?"

"Bado."

Shangazi Hadija alinipa sufuria la harusi yake likiwa lina ukoko wa wali ndani. Mama akanipa matatu, akaniambia nisimwambie Baba. Nilirudi Katwe juu ya mkokoteni, nimeyakalia masufuria kama kuku anayeatamia, watu wananipigia makofi njiani. Mzee Onega alikuwa bado amekaa. Walikuwa wamempa chai.

Mizani ilikubali, kwa shida. Ajabu ni Kizito. Baada ya kupata alumini yake alianza kuuzunguka ule mlingoti uliokatwa, anaupima kwa macho. "Huu hautasimama hivi," akasema, na kabla hatujamwomba akaingiza kipande cha bomba ndani, akaunga, akagonga ribiti. Ule muunganiko umedumu kuliko mashua yenyewe.

Siku ya mkaguzi ikafika. Mpango ulikuwa mwepesi, mashua mbili, kwa kuwa matanga tulikuwa nayo mawili tu. Mulindwa na Florence mashua ya kwanza, Mzee Onega na bwana mmoja wa benki mashua ya pili, yenye mmoja wa milingoti ya Katwe na tanga langu jipya, lile lenye kifua. Mkaguzi akaja, kijana wa suti, mpole, amesimama gatini na mwavuli. Yule bwana wa benki hakutokea.

Na aliyetokea, ambaye hakualikwa, ni Baba. Mama alikuwa amemwambia, kwa kuchoka kuulizwa, ninakoshinda siku zote. Akaja kwa kanzu na koti, akasimama mbali kidogo na watu, ananitazama kama nguo ya mteja iliyorudishwa dukani.

Mulindwa akanigeukia. "Zubeda, tunahitaji mtu wa pili kwenye mashua ya mzee. Lakini kama hutaki, tutatoa moja, tutajieleza."

Kujieleza kwa nani? Nikajifunga mtandio vizuri, nikavaa jaketi la kuelea juu ya gauni. Kuogelea nilikuwa najua kidogo sana, kiasi cha kufika kwenye ngazi. Nikamwuliza Mzee Onega, "Mvua je?"

Akalitazama anga la magharibi kwa muda mrefu kama daktari. "Leo hapana mvua. Hii ziwa mimi najua."

Mjue basi kwamba hata wanaolijua huwa linawadanganya.

Mwanzoni ilikuwa raha ambayo siwezi kuiandika. Tanga likajaa, mashua ikainama, maji yakaanza kuimba chini yetu. Nikageuka nione kama Baba anaona. Hapo nikaona upande wa pili mstari mweusi juu ya maji, unakuja kasi, na hewa ikawa baridi ghafla kama mtu amefungua friji. Ninyi mkiuona mstari ule, shusheni matanga mwanzo, ulizaneni baadaye. Mulindwa alishusha la kwake, yeye na Florence wakarudi gatini kwa makasia. Sisi tulichelewa.

Sikumbuki kupinduka. Nakumbuka kuwa ndani ya maji, kelele zimekwisha, jaketi limenivuta juu, na mashua imelala ubavu, tanga limetandazwa juu ya maji kama shuka. Mzee Onega hayuko.

Nikamwita. Halafu nikaona katikati ya tanga kitu kinalisukuma kutoka chini. Mkono. Alikuwa chini yake, kamba imemkaza mguu na tanga limemfunika.

Siwezi kupiga mbizi. Nililolijua ni moja tu. Shingoni nilikuwa na kiwembe changu cha kufumulia nyuzi, kwenye kamba, kama mafundi wote wa dukani kwa Baba. Nikajivuta juu ya lile tanga mpaka palipokuwa na mkono. Kitambaa kile huwezi kukikata upesi kwa kiwembe kidogo, kinateleza. Lakini mshono niliushona mimi. Nilijua uzi wake unapoanzia. Nikautia kiwembe, nikaufumua, vrrrr, kutoka nilipokuwa mpaka ukingoni, na kichwa cha Mzee Onega kikatoka katikati ya vipande viwili, kinatema maji.

Alivuta pumzi, akakohoa, akavuta tena. Kisha akalitazama tanga. "Mama," akasema, "umeharibu."

Upepo ulitusukuma mpaka nyuma ya rasi, kwenye ufuko wa gereza, mahali ambapo hata wavuvi hawatii nanga. Askari wawili wa magereza wakashuka mbio na bunduki zao.

"Simama! Nani nyie? Mikono juu!"

Mzee Onega, aliyekuwa nusura afe, akajinyoosha ndani ya maji ya magoti akapiga saluti. "Afande! Koplo Onega, polisi ya majini, mstaafu! Tumepinduka!"

Bunduki zikashuka. Ikawa ni maswali ya wewe ulikuwa kambi gani, unamjua fulani, aliishia wapi. Mimi natetemeka, meno yanagongana, na mawazo yangu yote yako gatini. Mkaguzi amekwenda? Baba ameona mashua ikipotea? Nikawakatiza. "Afande, mna uzi?"

"Uzi gani, mama?"

"Uzi wowote mgumu. Tafadhali."

Walikuwa na uzi wa magunia ya mahindi, wa kahawia. Sindano nilikuwa nayo kwenye ukosi wa gauni, mahali pake pa siku zote. Askari mmoja akashika upande huu, mwingine upande ule, wakalivuta tanga likakazana, na mimi nikalishona kwa mkono mchangani pale, mishono mikubwa kama ya godoro, huku yule mkubwa wao ananiambia, "Mama, fanya haraka, bwana mkubwa akija tutasema nini?" Wakatusaidia kuinyanyua mashua, kuyamwaga maji, wakatusukuma.

Huku gatini, nilikuja kusimuliwa baadaye na Florence, waliona mashua ikilala, kisha mvua ikaifunika, ilipopita hakuna kitu. Mulindwa alitoka na boti ya injini ya kuazima, injini ikagoma. Mkaguzi alisema kwa huzuni kwamba yeye ameshaona vya kutosha, akageuka aende. Baba ndiye aliyemshika mkono wa suti. Baba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumgusa mtu asiyemjua.

"Kaa hapa, bwana," akamwambia. "Binti yangu yuko majini."

Kisha akaingia ziwani na viatu vyake, kanzu inaelea kumzunguka, akasimama pale maji yalipomfika kiunoni, kama vile kwa kusogea kidogo angeniona mapema zaidi.

Alituona. Tulizunguka ile rasi na tanga jeupe lenye mstari mmoja wa kahawia uliopinda, limejaa, tunakuja moja kwa moja. Watu walipiga kelele. Mkaguzi alifunga mwavuli wake. Alimwambia Mulindwa, "Nimeambiwa nitazame kama zinatembea. Zinatembea." Na pwani ikabaki yetu, mpaka leo.

Baba hakunikumbatia. Mashua ilipogusa saruji alikuja akalishika tanga, akapitisha kidole gumba kwenye ule mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wa mkono?"

"Ndiyo, Baba."

"Umekwenda upande."

Halafu akageuka akawa anapangusa uso kwa kanzu ambayo yenyewe ilikuwa inachuruzika. Wiki ile ile alileta klabuni cherehani nzito ya chuma, ile ya kushonea viti vya magari, akaifunga mwenyewe kwenye sakafu ya chumba cha juu. Ndiyo mnayoitumia bado. Msiitie mafuta ya kupikia, nimesikia habari zenu.

Mengine mnayaona. Paa lilirudi, mpapai uliondolewa, bafu zikapata maji, gati likaongezwa. Magugu yalikuja yakaziba ghuba yote, tukawa tunayavuta kwa mikono. Miaka michache iliyopita ziwa lenyewe lilipanda, likaingia bandani, tukahamisha kila kitu, likashuka kidogo, tukarudisha. Mkidhani mtafika siku mkae mseme klabu imekamilika, mnajidanganya. Mimi sikuiona siku hiyo na sikuitamani.

Mzee Onega alistaafu kabla yangu, akarudi kwao, karibu na lile ziwa jingine la magharibi. Simu za mkononi zilipoenea alianza kunipigia asubuhi. Salamu zake zilikuwa fupi. "Mama, upepo leo iko wapi?" Natoka na simu mpaka mwisho wa gati, nainua uso, namwambia. "Kaskazini, mzee. Mwepesi, anakaribia kufa." "Basi mchana atageuka," anasema, anakata. Siku ile maji yalipoingia baa nilimwambia nimesimama ndani yake, yamenifika magotini.  "Na upepo?" akauliza.

Mwaka aliofariki, miezi kadhaa kabla, simu ililia kwa namba yake, sauti ikawa ya mwanamke. Ni Akello, bintiye.

"Mama Zubeda, shikamoo. Mzee hawezi kusema tena. Lakini tangu asubuhi ameishika simu, ananionyesha jina lako, nikimpa uji anausukuma. Sijui anataka nini."

"Mwekee simu sikioni," nikamwambia.

Nikaenda mwisho wa gati. Hakukuwa na upepo. Hata unywele hautikisiki. Ni ile saa upepo wa nchi kavu amekufa na wa ziwani hajaamka. Ningeweza kumtajia upande wowote. Lakini yeye angejua.

"Bado, mzee," nikasema. "Ametulia. Tumngoje."

Tukangoja. Nilimsikia akipumua. Watu walikuwa wananiita toka bandani, sikugeuka. Maji yalikuwa kama kioo, kisha mbali kabisa yakaanza kukunjamana, na ule mkunjo ukaja, ukaja, ukanipiga usoni.

"Huyu hapa," nikamwambia. "Kusini, mzee. Anapanda vizuri."

Simu ikakwaruza. Nikamsikia Akello akiongea naye kwa lugha yao, kisha akarudi kwangu.

"Ameiachia simu, Mama," akasema. "Sasa anakula."